Fomu Kwenye Mfuko wa Koti

Fundi alianza kushuku siku mumewe alipoosha vyombo.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani yake, barazani, tumbo limemtangulia mpaka linagusa meza. Mimba ilikuwa imebakiza wiki chache. Mguu ulikanyaga pedeli taratibu. Kutoka uani akasikia masufuria yakigongana. Akachungulia. Mumewe, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, amekunja mikono ya shati, anasugua sufuria.

"Kulikoni?" akauliza Fundi.

"Kulikoni nini? Nakusaidia."

Miaka saba ya ndoa, mwanaume huyu hakuwa anajua hata sufuria zinakaa wapi. Leo anazisugua mpaka masizi ya chini. Machale yalimcheza.

Na si vyombo tu. Mama mkwe naye alikuja bila kuitwa, na begi lake.

"Nimekuja kukaa na mjukuu wangu," alisema, akimpakata binti wa Fundi.

"Kwani mimi naenda wapi, Mama?"

"Huendi popote, mwanangu. Nimekuja tu."

Kisha mama na mwana wakaenda nyuma ya nyumba, wakaongea kwa sauti ya chini. Fundi alipotokea, wakaanza kuzungumzia mvua. Jua lilikuwa linawaka na wingu hakuna.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Alikuwa na sifa moja iliyowachosha wateja. Hakati kitambaa cha mtu mpaka mwenyewe auone mstari. Atakupima, atachora kwa chaki, kisha atakuita usogee. "Nikate hapa?" atauliza. Ukisema, "Hapo sawa," ndipo mkasi unashuka. Usiposema, mkasi unabaki mezani, hata kama una haraka zako. Ukimtuma dada yako aje kusema kwa niaba yako, anarudishwa mlangoni. "Nguo atavaa nani?" Fundi huuliza. Watu walinung'unika, lakini hakuna aliyewahi kuharibiwa kitambaa.

Jumanne mumewe alimpa koti lake la kazini. Mfuko wa ndani ulikuwa umechanika. Fundi akaugeuza ili aushone, na karatasi iliyokunjwa mara nne ikamwangukia mapajani. Ilikuwa nakala yenye muhuri wa hospitali anakokwenda kliniki.

Fundi alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Husoma polepole, kwa kidole. Kidole kikapita juu ya maneno: Fomu ya Idhini ya Upasuaji. Kikapita juu ya jina lake mwenyewe. Kikapita juu ya tarehe. Ilikuwa Jumatatu inayokuja. Chini kabisa, mahali pa sahihi, palikuwa na sahihi yenye mikia mirefu. Haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Yeye alikikuta nguoni kweli kweli.

Sasa alikumbuka. Kliniki iliyopita aliachwa kwenye benchi. Mumewe akaitwa ndani peke yake, akatoka akisema, "Kila kitu kiko sawa." Kumbe kila kitu kilikuwa kwenye mfuko wa koti.

Miaka mitano iliyopita Fundi alipasuliwa kumzaa bintiye. Alifika hospitali akiwa na uchungu. Watu wakaja, wakashika hapa, wakashika pale, wakazungumza wao kwa wao juu ya tumbo lake. Kisha akasukumwa kwenye chumba chenye taa kali. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Baadaye alipouliza, aliambiwa, "Shukuru, umepata mtoto." Alishukuru. Lakini kwa miezi mitatu hakuweza kukanyaga pedeli, na mpaka leo hajui kwa nini alipasuliwa. Tangu hapo akiona koti jeupe, hugeuza njia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Fundi hakumwambia mtu. Aliirudisha karatasi mle mle, akaushona mfuko ulipochanika, akalitundika koti msumarini. Kama wao wana njama, naye atakuwa na yake. Jumapili atapanda basi kwenda kwa dada yake, mwendo wa nusu siku. Kule hakuna hospitali. Kwa hiyo hakuna kisu. Atazaa, atarudi, wataisoma namba.

Ndivyo alivyowaza. Hasira ni mshauri mwepesi. Ilimsahaulisha kwamba pasipo na kisu hapana pia mtu wa kumwokoa mambo yakiharibika. Akaficha nguo tatu na shuka mbili ndani ya begi, akalifunika begi kwa vipande vya vitambaa.

Alhamisi asubuhi jirani yake alikuja na sketi. Huyu ni mkunga. Anafanya kazi hospitali kubwa ya katikati ya mji.

"Sketi yangu imekataa kufunga," Mkunga alisema. "Au ni mimi niliyekataa kupungua."

Fundi hakucheka. Kwa nini aje leo? Kwa nini mama mkwe amempokea kwa tabasamu pana vile?

"Nani kakutuma?"

"Kiuno changu. Kwani vipi, Fundi?"

"Hamna kitu. Simama nikupime."

Akampima, akachora mstari kwa chaki ubavuni mwa sketi. "Niongeze kipande hapa, nikate mpaka hapa?"

Mkunga akainama, akatazama. "Hapo sawa."

Mkasi ukashuka. Mkunga akakaa kwenye rundo la vitambaa, akainuka haraka. "Nimekalia nini? Unasafiri?"

"Nani kasema nasafiri?"

"Begi limesema."

Fundi akauma midomo. "Wewe ni wa kwao. Utaenda kusema."

"Mimi ni wa hospitali nyingine. Hata ningekuwa wa ile ile, siri ya mgonjwa haitoki."

Fundi alimtazama kwa muda mrefu. Alimtazama macho, akamtazama mikono. Mwishowe akaenda msumarini, akaitoa ile fomu, akaitupa mezani kana kwamba inaungua.

Mkunga akaisoma mara mbili. "Hii sahihi ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Na wewe umeambiwa nini?"

"Mimi niliambiwa nikae kwenye benchi."

Mkunga akaguna. "Basi walikosea. Wewe una akili zako timamu. Unasikia, unaongea. Idhini ni kukubali, na wa kukubali ni wewe. Mume hawezi kukubali kwa niaba yako. Mama mkwe hawezi. Hata daktari hawezi. Ndiyo kanuni ya kazi yetu."

"Hata nikiwa na mimba?"

"Hata ukiwa na mimba. Mimba haimnyang'anyi mtu mwili wake. Labda uwe umezimia na hatari iko mlangoni, hapo tutafanya la kukuokoa. Lakini ukiwa macho, unaulizwa."

"Nikikataa si watanifukuza? Watasema nikazae njiani."

"Hawatakiwi kukufukuza wala kukutisha. Ukikataa jambo moja hujakataa yote. Unaweza kukataa upasuaji, ukakubali kupimwa na kupewa dawa. Na ukibadilisha mawazo, umebadilisha. Hata ukiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji."

Maneno yalikuwa matamu, na Fundi hakuamini vitu vitamu. "Unataka nije kuzalia kwenu. Unatafuta wateja."

Mkunga akacheka mpaka akashika kiuno. "Wodi yangu haina hata pa kuweka kiti. Niwatafutie wapi wateja na niwalaze wapi?" Kisha akaacha kucheka. "Ila nikuambie jambo utakalolichukia. Hili begi ni kosa. Unakimbia kitu usichokijua. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na sasa unataka kumtupa mbuzi bila kufungua gunia. Tumbo lako lina kovu la zamani. Likifunguka wakati wa uchungu, huko kwa dada yako hakuna wa kulishona. Mtakufa wawili."

Fundi akalitazama begi.

"Mimi hukunikatia sketi mpaka nilipoona mstari," Mkunga akasema. "Nenda kawaambie wakuonyeshe mstari. Ukishauona, sema ndiyo au hapana."

Akaokota kipande cha kitambaa cheusi na chaki. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa, huku Fundi akifuata kwa kidole: Kwa nini? Hatari yake nini? Kuna njia nyingine? Tukisubiri je?

"Usitoke kwa daktari mpaka haya yote yamejibiwa," alisema. "Kwa lugha unayoielewa."

Jioni, baada ya kula, Fundi aliiweka fomu katikati ya meza.

"Hii nini?"

Mumewe aliitazama, akatazama koti, akatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Mimi ndiye niliyemwambia asaini. Mwanamke mwenye mimba haulizwi. Ana hofu nyingi."

"Mama, heshima yako iko pale pale," Fundi alisema. "Lakini kisu kitapita kwangu." Akamgeukia mumewe. "Na wewe?"

Sauti ya mumewe ilikuwa ndogo. "Daktari alisema ni salama zaidi. Safari ile nilikaa nje kwa muda wa saa tano nzima, Fundi, sijui kama uko hai. Nikasema ukijua utakataa. Nitabaki na kaburi. Niliogopa."

Fundi alimwonea huruma, na hasira haikumtoka. Vyote viwili vilikaa pamoja.

"Ukiitwa kupaka nyumba," akasema, "rangi anachagua nani?"

"Mwenye nyumba."

"Na ile nyumba ya kijani?"

Mumewe akajikuna kichwa. Mwaka jana alipaka nyumba nzima kijani kwa maneno ya shemeji wa mwenye nyumba. Mwenyewe aliporudi safari, alikaa chini akalia. Kazi ya kukwangua ilichukua siku nne.

"Tumbo hili mwenyewe nani?"

"Wewe."

"Na mtoto?" mama mkwe aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Mtoto hana wa kumsemea?"

"Anaye, Mama. Nimembeba miezi yote hii. Nani anayemtakia mema kunishinda?"

Mama mkwe akainuka. Akaanza kukusanya vyombo.

Ijumaa asubuhi walikwenda hospitali, Fundi na mumewe. Karani wa mapokezi alifungua faili, akalifunga.

"Wewe ni wa Jumatatu. Fomu yako imeshasainiwa."

"Mimi sijasaini."

"Mume amesaini."

"Basi mpasueni yeye."

Benchi zima la akina mama likacheka. Karani hakucheka, lakini alinyanyuka kwenda kumwita daktari.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alitazama saa yake. Fundi aliliona hilo, akaliweka moyoni. Akatandaza kile kitambaa cheusi mezani, juu ya makaratasi ya daktari.

"Nijibiwe haya kwanza."

Daktari alisoma. Akashusha miwani, akasoma tena. Kisha akavuta faili la zamani, akafungua kurasa zilizokauka.

"Safari ya kwanza," alisema, "mtoto alikaa vibaya. Matako yalitangulia chini, na uchungu ulikuwa umeshaanza. Ndiyo maana ulipasuliwa."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo."

Machozi yakamtoka Fundi. Miaka mitano alidhani mwili wake una kasoro ambayo watu wanamficha. Kumbe jibu lilikuwa kwenye faili, sentensi moja tu. Mumewe akamshika bega.

"Na huyu amekaaje?"

"Huyu kichwa kiko chini. Vizuri kabisa."

"Basi kwa nini nipasuliwe? Na kwa nini Jumatatu?"

Daktari alisita. Fundi alikuwa anamtazama mikono, kuona kama inaficha kitu.

"Nitakwambia ukweli. Mwanamke aliyepasuliwa mara moja, kama wewe, anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Wengi hufanikiwa. Hatari ni kovu kufunguka. Si jambo la kawaida. Hutokea kama kwa mmoja kati ya mia mbili. Lakini likitokea, lazima upasuliwe haraka. Hapa kwetu mtaalamu wa usingizi, anayemlaza au kumganzisha mgonjwa asisikie kisu, huja Jumatatu na Alhamisi tu. Ukishikwa na uchungu Jumamosi, sina wa kukulaza. Upasuaji wa kupangwa una hatari zake pia. Damu hupotea, kidonda kinaweza kuoza, kupona huchukua muda. Lakini hapa kwetu niliona ndio salama."

"Na njia nyingine?"

"Hospitali kubwa. Wana mtaalamu huyo kila siku, saa zote. Unaweza kusubiri uchungu kule."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Tumezoea kumwambia mume."

"Mzoeeni mwenye tumbo."

Daktari akashusha pumzi. "Ni kosa letu," alisema.

Fundi akafuta uso kwa kiganja. "Jumatatu siji. Nakataa Jumatatu, sikatai hospitali. Niandikie niende kule kubwa."

Daktari akachukua kadi ya kliniki ya Fundi, akaandika, akamrudishia. Mtu mwingine angeitia kwenye mkoba. Fundi aliisoma pale pale, kwa kidole. "Mume ameelezwa," ilianza.

"Hapa," alisema Fundi, kidole kikiwa juu ya neno. "Hapa si sawa."

Daktari aliona aibu. Akafuta, akaandika upya: Mama ameelezwa na ameelewa. Amekataa upasuaji wa kupangwa. Atasubiri uchungu hospitali kubwa. Likitokea lolote, aulizwe mwenyewe. Kisha akamweleza dalili za kukimbilia hospitali bila kusubiri: damu, maji kuvuja, maumivu ya tumbo yasiyoachia, mtoto kuacha kucheza. Na uchungu ukianza tu, asikae nyumbani kuupima.

Jumatatu ikaja, ikapita. Mama mkwe aliitazama ikipita kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Begi la Fundi likatolewa kwenye vitambaa, likawekwa mlangoni, tayari kwa safari nyingine.

Uchungu ulianza Jumatano ya wiki iliyofuata, alfajiri. Kabla jua halijachomoza walikuwa hospitali kubwa. Mkunga alikuwa zamu. Kila aliyemsogelea, Fundi alimuuliza, "Hicho nini?" na kila mmoja alijibu. Walitaka kumwekea sindano ya maji mkononi. Akauliza ya nini. Wakamwambia ni njia ya kupitishia dawa haraka pakitokea dharura. Akaikubali. Wakamwambia alale chali. Akakataa, akalala ubavu, na hakuna aliyemgombeza.

Mpaka alasiri njia ya uzazi ilifunguka nusu, ikasimama. Saa zikapita, haikusogea. Daktari wa zamu alikuja, dada kijana mwenye sauti ya pole. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama Fundi usoni.

"Njia imesimama, dada, na moyo wa mtoto umeanza kuchoka. Nashauri tukupasue sasa. Una haki ya kukataa. Ukikataa hatutakuacha, tutaendelea kukuhudumia. Lakini kila dakika hatari kwa mtoto inaongezeka."

Shaka ya zamani ikamrudia Fundi nzima nzima. Alimgeukia Mkunga.

"Mlipanga?"

"Hapana, Fundi. Sikiliza mwenyewe."

Mkunga akaongeza sauti ya mashine iliyofungwa tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa unakimbia. Tumbo likakaza, na moyo ukapungua mwendo, ukapungua, kama cherehani ambayo mguu umechoka kwenye pedeli. Ukakawia kurudi. Fundi alisikiliza mara ya pili. Mashine hii haikuwa na sababu ya kumdanganya.

"Kuna njia nyingine?" aliuliza.

"Kwa sasa sina iliyo salama," daktari alisema.

Muuguzi akaingia mbio na fomu, akamnyooshea mumewe kalamu. Mumewe akaweka mikono nyuma.

"Mwenyewe yuko pale," alisema.

Fundi akapewa fomu. Akasoma mistari mitatu kwa kidole, kati ya uchungu mmoja na mwingine. Hakuna aliyemharakisha kwa maneno, ingawa aliona wanavyotamani. Akaandika jina lake, herufi moja baada ya nyingine.

"Hapo sawa," alisema. "Twendeni."

Mtoto alitoka akilia kwa hasira. Fundi alikuwa macho, ameganzishwa kuanzia kiunoni, anasikia kila kitu. Walimwonyesha mtoto kabla hata hawajamfuta.

Wiki nane baadaye alirudi kwenye cherehani. Mtoto alilala kwenye kapu kando ya pedeli. Mumewe alikuwa uani anaosha vyombo, na sasa Fundi hakushuku kitu. Mkunga alipita na habari: ile hospitali ya kwanza imepanga utaratibu mpya. Mama haachwi tena kwenye benchi. Anaitwa ndani yeye kwanza, na akipenda anamwita mumewe.

Mteja mmoja, mwanamke mwenye mimba changa, alikuwa amesimama akisubiri gauni lake. Alikuwa ameisikia hadithi yote mtaani.

"Nisamehe, Fundi," alisema. "Ulikataa ya nini, kama mwisho ulipasuliwa vile vile?"

Fundi alitaka kujibu. Mama mkwe, aliyekuwa anamfunika mtoto, akamwahi.

"Haikuwa vile vile. Safari ya kwanza walimpasua. Safari hii aliwaruhusu."

Fundi akamtazama mama mkwe wake, kisha akachukua chaki, akachora mstari kiunoni mwa gauni.

"Nikate hapa?" akauliza.

Mteja huyo alikuwa na desturi ya kusema "kata tu" mpaka alazimishwe kutazama. Safari hii aliinama, akaufuata mstari kwa kidole mpaka mwisho.

"Hapana," alisema. "Sogeza kidogo. Tumbo litakua."

Fundi akafuta mstari, akachora mwingine.